Ndege ya kilo tano na ushahidi wake

Leo tuziache siasa zipumue kidogo, nataka tuzungumzie ndege. Si za abiria, bali zile ndogo za kuendeshwa kwa rimoti, ambazo wengi wetu tunaziona ni michezo ya watoto wa matajiri.

Nianze na tiara. Tulipokuwa wadogo kule Ilala, kila jioni ya upepo tulirusha tiara za karatasi na njiti za makuti. Ugomvi haukukosekana: tiara ya nani imefika juu zaidi? Mmoja anasema mita mia tano, mwingine anaapa kwa jina la bibi yake kwamba yake imepita elfu. Uzi wenyewe ulikuwa wa kushonea, haufiki hata mita mia. Aliyeshinda ni yule mwenye sauti kubwa. Nimekuja kuingia kwenye uandishi wa habari nikakuta ugomvi ni ule ule, tofauti ni kwamba sasa wanaogombana wamevaa tai.

Ndiyo maana historia ya kupima ndege inanivutia kuliko historia ya ndege zenyewe. Ndugu wawili Orville na Wilbur Wright tunawajua kwa kuruka, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba ile tarehe 17 Desemba 1903, kule North Carolina, ndege yao ilibeba vipimo vitatu: saa ya kuhesabu sekunde, kipimaupepo, na kifaa cha kuhesabu mizunguko ya injini. Safari ndefu kuliko zote siku ile ilichukua sekunde 59 na kufika mita 260 hivi. Ukiisikia hivyo unaweza kucheka, maana hata bodaboda mbovu inaishinda. Lakini siku hiyo upepo mkali ulikuwa unawapiga usoni, na ukihesabu hewa ambayo ndege iliikata, umbali unapita mita 800. Bila kipimaupepo, sehemu hiyo ya habari ingepotea.

Nahodha wa jahazi hahitaji kufundishwa jambo hili. Chombo kinaweza kukata maji vizuri huku mkondo unakirudisha nyuma, ukitazama pwani unaona mnazi ule ule tangu asubuhi. Mwendo ndani ya maji ni kitu kimoja, mwendo juu ya ardhi ni kitu kingine. Ndege nayo iko hivyo hivyo.

Sasa turudi kwenye ndege ndogo. Shida yake kubwa ni kwamba rubani yuko chini. Hana saa za kutazama mbele yake, hasikii kiti kikitetemeka, ana macho yake tu. Na macho hudanganya: ndege ndogo iliyo karibu inafanana na kubwa iliyo mbali, na ikikupita kwa kelele unaona inakimbia kuliko ukweli. Kwa hiyo kwa miaka mingi wapenzi wa mchezo huu walikuwa kama sisi na tiara zetu. Aliyetaka rekodi itambuliwe na Shirikisho la Kimataifa la Anga, FAI, lililoundwa mwaka 1905, ilibidi alete ushahidi.

Hapo ndipo anapoingia mzee wangu wa leo, Maynard Hill, Mmarekani, mtaalamu wa vyuma aliyefanya kazi katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 1970, katika eneo la majaribio la jeshi la majini huko Dahlgren, Virginia, aliipandisha ndege yake ya rimoti zaidi ya mita 8,000. Chukua Kilimanjaro yetu yenye mita 5,895, ongeza kilomita mbili juu yake, na bado hujafika. Kwa urefu huo macho matupu hayaoni kitu. Mtu wa kawaida hawezi kwenda na rada uwanjani siku ya Jumapili, lakini Dahlgren zilikuwapo, nazo ndizo zilizoifuatilia. Kama si hivyo, nani angemwamini?

Kilichobadilisha mambo ni vifaa vya kielektroniki kuwa vidogo na vyepesi. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, kwa hiyo kipande kidogo kinachopima mgandamizo wa hewa kinaweza kukueleza umefika wapi juu. Baadhi ya simu zetu leo zinacho ndani. Kijibomba chembamba kinachoelekea mbele hupokea msukumo wa hewa na kukupa mwendo wa ndege ndani ya hewa. Kisha ikaja GPS. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa inaivuruga makusudi kwa watumiaji wa kiraia, ikawa inaweza kukosea hata mita mia. Ilipoacha, kifaa cha bei nafuu kikaanza kusema ndege iko wapi kwa kukosea mita chache tu. Ila kumbuka jahazi: GPS inakupa mwendo juu ya ardhi. Kijibomba kinakupa ule wa hewani. Ukiwa na vyote viwili unaujua upepo.

Hill alikuwa na ndoto moja iliyobaki: kuvuka bahari ya Atlantiki kwa ndege inayokubalika kisheria kama ndege ndogo ya michezo, yaani isiyozidi kilo tano pamoja na mafuta yake. Ni kweli mwaka 1998 ndege isiyo na rubani iitwayo Laima ilikwisha kuvuka, ikitoka Newfoundland hadi Benbecula huko Scotland kwa saa 26 na dakika 45. Lakini Laima ilikuwa na uzito wa kilo 13 hivi, ikijiongoza yenyewe njiani. Na ilipoondoka Newfoundland ilinyamaza. Hakuna aliyejua iko hai au imezama hadi ilipokaribia Scotland.

Ndege ya Hill ilitengenezwa kwa mti mwepesi wa balsa na kufunikwa karatasi ya plastiki. Karibu nusu ya uzito wake ilikuwa mafuta, na hayakufika lita nne. Fanya hesabu: safari ya saa 39, lita nne. Ni kama mililita 100 kwa saa, theluthi ya chupa ya soda. Injini ikinywa zaidi kidogo tu, ndege inaishia baharini. Kwa hiyo miaka ya maandalizi ilikwenda katika kupima: injini inakula kiasi gani, kwa mizunguko mingapi, kwa mwendo upi. Hata hivyo ndege nne za kwanza hazikufika.

Ya tano, TAM-5, iliondoka Cape Spear, Newfoundland, tarehe 9 Agosti 2003, saa 2 kasorobo usiku. Ikishafikia urefu wake, kifaa cha ndani kiliishika usukani kwa kufuata GPS, kiasi cha mita 300 juu ya maji. Tofauti na Laima, hii ilikuwa inatuma habari zake njiani kupitia satelaiti: niko hapa, injini inazunguka hivi. Mantiki hiyo hiyo ndiyo inayotumika Rwanda tangu 2016, ambako ndege ndogo zinapeleka damu hospitalini huku watu wa chumba cha uongozi wakizifuatilia kwenye kompyuta. Kuna saa kadhaa taarifa za TAM-5 zilikatika kabisa, na timu ikaanza kukata tamaa. Kisha zikarudi.

Kuna jambo sijawaambia. Wakati huo Hill alikuwa na umri wa miaka 77, macho yake yamekwisha karibu kabisa na masikio nayo hayasikii vizuri. Mtu aliyeishi maisha yake yote akitazama ndege ndogo angani hakuwa na uwezo tena wa kuziona. Hiyo ndege hata kama ingepita juu ya kichwa chake, angeijua kwa namba tu, zikisomwa na mtu mwingine.

Jumatatu tarehe 11 Agosti 2003, baada ya saa 8 mchana kwa saa za Ireland, watu waliokuwa wakisubiri ufukwe wa Mannin, jirani na Clifden, waliiona. Si mbali na pale walipoangukia Alcock na Brown mwaka 1919, wanadamu wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa ndege bila kutua. Rubani Dave Brown akaichukua kwa rimoti, akaishusha. Saa 38, dakika 52, zaidi ya kilomita 3,000, na mafuta kidogo mno yamebaki tangini. Upande wa pili wa bahari, Canada, mzee Hill aliambiwa imetua.