Kosa dogo la Dodoma, uzito wake ubalozini

Mwalimu Julius Nyerere aliwahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai. Ilikuwa Agosti 1958, Dar es Salaam, baada ya jarida la Sauti ya TANU kuchapisha makala iliyowashutumu wakuu wawili wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Hakimu alimpa achague: faini ya pauni 150 au jela miezi sita. Akalipa faini. Julai 1961, akiwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, alipokewa Washington na Rais John F. Kennedy.

Kiongozi wa serikali hapangi foleni ya viza. Kijana wa Mpwapwa au Kondoa aliyeshinda bahati nasibu ya viza ya Marekani anaipanga, na kabla hajafika dirishani anajaza fomu inayomuuliza kama amewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata kama alisamehewa. Wengi wa Kanda ya Kati, wakiamua kusema kweli, hawana budi kujibu ndiyo. Kuna aliyelipa faini kwa ugomvi wa kilabuni. Kuna aliyeokotwa na mgambo usiku, akalala mahabusu, asubuhi akasomewa shtaka la uzembe na uzururaji. Kuna aliyeiba kuku akiwa na miaka 19, na leo ana watoto watatu na shahada ya ualimu.

Kosa moja linaweza kupita bila kizuizi katika nchi moja na kumfungia mtu mlango katika nchi nyingine. Kinachoamua si ukubwa wa kitendo pekee. Ni sheria iliyoandikwa lini, na nani, na kwa kumhofia nani.

Tuanze na namna watu wa huku walivyopata rekodi. Kodi ya nyumba ya Wajerumani ilitangazwa mwaka 1897, na reli ya kati ikafika Dodoma mwaka 1910. Kodi ilimlazimu mtu kutafuta fedha, reli ikampeleka zilipo. Ikaja njaa ya Mtunya, iliyoiangamiza Ugogo tangu 1917 hadi 1920 baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua nafaka, mifugo na vijana. Aliyenusurika alijifunza kwamba ukame ukikaza, mtu huondoka. Kuondoka huko, kwa macho ya serikali, kulikuwa karibu na hatia.

Waingereza walileta Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, ambayo vifungu vyake vya 176 na 177 vinashughulika na wazembe na wazururaji: anayeomba barabarani, anayecheza kamari hadharani, anayekutwa mahali na saa ambayo haieleweki anafanya nini. Maneno hayo yana ukoo na sheria ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa London kuwadhibiti maskini waliotapakaa barabarani baada ya vita vya Napoleon. Mwaka 1944 ikaongezwa sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji wasiotakiwa. Aliyeshuka Dar es Salaam kwa treni bila kazi ya kueleweka angeweza kurudishwa kwao kwa treni hiyohiyo.

Baada ya Uhuru mtindo haukukoma. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwasaka mijini wasio na kazi ili warudi mashambani. Kodi ya maendeleo, ambayo wengi tuliiita kodi ya kichwa, iliwafanya wanaume wazima walale porini mgambo wakipita kudai stakabadhi, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Ndiyo maana mzee wa miaka 60 akisema aliwahi kuwekwa ndani, jirani zake hawamfikirii mhalifu. Wanajua miaka ile ilivyokuwa.

Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri yaliyoombwa na Umoja wa Mawakili wa Afrika. Ilisema sheria za uzururaji za namna hii hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya kitendo chake. Nayahesabu maoni hayo kuwa miongoni mwa kauli za haki zaidi zilizowahi kutoka Arusha. Hata hivyo, maoni ya ushauri hayafuti hukumu zilizokwisha kuandikwa.

Upande wa pili wa bahari, nchi zinazopokea wageni nazo zilikuwa zikitunga maneno yao. Marekani ilianza mwaka 1875 kwa kuwazuia waliofungwa kwao kwa makosa makubwa, isipokuwa ya kisiasa. Mwaka 1891 ikaongeza kigezo kinachotumika hadi leo: kosa lenye upotovu wa maadili. Bunge lao halikulifafanua, likawaachia mahakimu, na kwa zaidi ya miaka 100 mahakimu wamekuwa wakiamua kosa moja baada ya jingine. Wizi umo, hata wa kitu kidogo. Utapeli umo. Kupigana ngumi bila silaha kwa kawaida hakumo, na kuzurura vilevile.

Kwetu Afrika, mfano ulitoka Natal. Sheria ya uhamiaji ya koloni hilo ya mwaka 1897 ilitungwa hasa kuwazuia Wahindi bila kuwataja kwa jina. Pamoja na mtihani wa kuandika kwa lugha ya Ulaya, ilimkataa aliyetiwa hatiani kwa kosa lenye upotovu wa maadili bila kupata msamaha kamili, na ikayatenga makosa ya kisiasa. Muundo huo ulisambaa katika makoloni ya Uingereza. Ukisoma Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya mwaka 1995, utakutana nao tena: aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha muda wowote katika nchi yoyote, bila msamaha kamili, anaweza kutangazwa mhamiaji asiyetakiwa, na makosa ya kisiasa yametengwa. Muundo uliozaliwa kuwafungia mlango Wahindi wa Natal unasimamiwa sasa kutoka makao makuu ya Uhamiaji hapahapa Dodoma.

Kwa hayo makosa ya kisiasa, historia inatupeleka Kongwa. Mji huo, mashariki ya Dodoma, ulijulikana duniani mwaka 1947 kwa mradi wa karanga wa Waingereza uliokwama miaka michache baadaye. Mwaka 1964 serikali ya Mwalimu iliwapa wapigania uhuru eneo hilo, na wapiganaji wa ANC, FRELIMO na SWAPO wakapiga kambi. Waafrika Kusini waliofika Kongwa walikuwa wahalifu kwa sheria ya kwao kabla hawajashika bunduki, kwani kutoka nchini bila hati ya kusafiria lilikuwa kosa la jinai. Nelson Mandela alipita Tanganyika kwa njia hiyo Januari 1962, akaonana na Mwalimu. Novemba mwaka huo, Pretoria, alihukumiwa miaka mitano: mitatu kwa kuchochea mgomo na miwili kwa kutoka nchini bila pasipoti. Miaka miwili jela kwa kuvuka mpaka, na safari ya kuuvuka mpaka huo ilipita kwetu.

Rekodi ya harakati hizo iliwafuata wenyewe muda mrefu baada ya ubaguzi kuanguka. Wanachama wa ANC waliendelea kuhitaji kibali maalumu kuingia Marekani kwa sababu chama chao kilikuwa kimeorodheshwa pamoja na magaidi. Mandela, aliyekwisha kuwa Rais na mshindi wa Tuzo ya Nobel, alikuwa miongoni mwao. Sheria ya kuwaondolea kikwazo hicho ilitiwa saini na Rais George W. Bush Julai 1, 2008, siku 17 kabla Mandela hajatimiza miaka 90. Kama jina lile lilihitaji sheria ya Bunge, fundi cherehani wa Kibaigwa asitegemee kwamba kosa lake litasahauliwa kwa kuwa ni la zamani.

Hata hivyo asikate tamaa, maana sheria za leo zina milango kuliko watu wanavyodhani. Marekani inampitisha mwenye kosa moja tu la upotovu wa maadili ikiwa adhabu ya juu ya kosa hilo haizidi mwaka mmoja na yeye hakupewa zaidi ya miezi sita. Inampitisha pia aliyelitenda akiwa chini ya miaka 18, ikiwa imepita zaidi ya miaka mitano. Canada hulipima kosa lako kwa kuuliza lingeitwaje kama lingetendwa kwao. Kwa makosa mengi yasiyo mazito, miaka 10 tangu umalize adhabu inatosha uhesabiwe umejirekebisha, na baada ya miaka mitano unaweza kuomba mwenyewe. Uingereza, kwa kanuni zilizoanza Desemba 2020, huweka mstari wake kwenye kifungo cha miezi 12 au zaidi. Chini ya hapo, mara nyingi, ofisa ana nafasi ya kupima. Si mbali na mawazo yetu wenyewe: ibara ya 67 ya Katiba yetu inamzuia kugombea ubunge aliyefungwa zaidi ya miezi sita kwa kosa la utovu wa uaminifu.

Makosa mawili yanawanasa Watanzania wengi bila wao kuyategemea. La kwanza ni bangi. Kwa Marekani dawa za kulevya zina kifungu chao, na ile nafuu ya kosa dogo haizihusu. Mwenye kosa moja la kukutwa na bangi isiyozidi gramu 30 anaweza kuomba msamaha maalumu, lakini si kila mtu anastahili kuuomba. La pili ni kuendesha gari umelewa. Huku tunaliita kosa la barabarani, unalipa faini unaendelea na safari. Canada ilipandisha adhabu yake ya juu hadi miaka 10 mnamo Desemba 2018, na tangu hapo linahesabiwa kosa zito ambalo muda peke yake hauliondoi.

Halafu kuna msamaha wa Rais. Kwa ibara ya 45 ya Katiba, Rais huwasamehe wafungwa, na siku za sherehe za kitaifa maelfu hutoka. Desemba 9, 2019 Rais John Magufuli aliwasamehe 5,533 kwa mpigo. Mtu aliyetoka gereza la Isanga kwa msamaha huo akapokewa na ukoo wake kwa vigelegele anaamini jambo limekwisha, na ana kila haki ya kuamini hivyo. Kwa viza ya Marekani halijaisha, kwa kuwa msamaha wa serikali ya kigeni hauondoi kizuizi. Kifungo kilichoahirishwa nacho huhesabiwa kifungo. Uingereza inayo sheria ya mwaka 1974 inayoruhusu makosa ya zamani yasitajwe tena, lakini tangu Oktoba 2012 nafuu hiyo haitumiki katika maamuzi ya uhamiaji.

Linaloniumiza zaidi ni kuona watu wanaharibikiwa kwa ushauri wa vishoka. Kishoka anamwambia mteja, andika hapana, nani atajua? Mwombaji wa viza ya uhamiaji ya Marekani mwenye miaka 16 au zaidi anatakiwa kuleta cheti cha polisi, na cheti hicho hutolewa kwa alama za vidole. Uongo ukigundulika, Marekani inaweza kumzuia mtu maisha, Uingereza hadi miaka 10, Canada miaka mitano. Kosa la kuzurura lisingemzuia. Neno moja la hapana limemzuia.

Anayejua ana hukumu ya zamani aanzie mahakamani, si ubalozini. Mahakama ya Mwanzo haina uwezo wa kufunga zaidi ya miezi 12, kwa hiyo hukumu nyingi za huko ni za faini au vifungo vifupi, na ofisa wa ubalozi akiisoma hukumu yenyewe ataona kosa lilikuwa gani na adhabu gani. Tabu ni kwamba hukumu hizo ziliandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, na majalada ya zamani si rahisi kuyapata. Omba nakala iliyothibitishwa mapema na uitafutie tafsiri inayokubalika. Jalada likikosekana, omba barua ya mahakama inayosema hivyo.

Narudi Kongwa, kwa jambo tusilopenda kulizungumza. Juni 2012, katika pori la kijiji cha Chitego, ilikutwa miili ya vijana wa Ethiopia zaidi ya 40, waliokosa hewa ndani ya lori wakielekea kusini na kutelekezwa njiani. Wenzao wanaendelea kupita Kanda ya Kati, na wanaokamatwa hufikishwa mahakamani kwa kuingia nchini bila kibali. Wengine ni watafuta kazi, wengine ni wakimbizi, na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1964, unakataza kumwadhibu mkimbizi anayetoka moja kwa moja kwenye hatari kwa sababu tu ya namna alivyoingia, mradi ajisalimishe mapema na kueleza. Siku mmoja wao atakapoomba makazi Canada au Marekani, ataulizwa kama amewahi kutiwa hatiani, na jibu litakuwa hukumu ya Dodoma. Hakimu anayeiandika na aeleze yote: kijana alitoka wapi, alikuwa na miaka mingapi, alikamatwa akifanya nini, na kwamba hakumdhuru mtu.