Wokovu
Neno wokovu linatokana na kitenzi okoa, yaani kumtoa mtu hatarini, na katika Ukristo lina maana ya mwanadamu kuondolewa dhambini kwa neema ya Mungu kupitia kifo na ufufuo wa Yesu. Mpentekoste anaposema "nimeokoka" hutaja jambo lililokwisha kutimia, pengine hata na siku yake, ilhali Mwislamu, anayeitwa na kila adhana aiendee falah, yaani kufaulu, hutaraji rehema ya Mungu kwa imani na matendo mema, wala hajihakikishii pepo kabla ya Siku ya Kiyama. Tofauti hii ndiyo kubwa kuliko zote. Uyahudi, usiokuwa na fundisho la dhambi ya asili, husisitiza geula, yaani ukombozi wa taifa zima kama lilivyotolewa Misri, pamoja na teshuva, yaani toba inayomrudisha mtu kwa Mungu. Mwandishi anayezieleza dini zote tatu kwa neno wokovu pekee huwapotosha wasomaji, na anapaswa kuandika kufaulu au ukombozi pale imani husika inapofundisha hivyo.