Ratiba ya Mradi: Namna Tarehe ya Kukamilika Inavyopatikana

Na Mwandishi Wetu

Mradi wa umma unapotangazwa, jambo ambalo mwananchi hulishika kwanza ni tarehe ya kukamilika. Kwa wataalamu wa usimamizi wa miradi, hata hivyo, tarehe hiyo ndiyo huandikwa mwisho, baada ya kazi yote kugawanywa katika shughuli, kila shughuli kukadiriwa muda wake na kubainishwa ni ipi isiyoweza kuanza kabla nyingine haijakamilika.

Tuchukulie mradi mdogo wa kisima kijijini. Utafiti wa maji ardhini uchukue wiki mbili, uchimbaji wiki moja na upimaji wa wingi wa maji wiki moja. Baada ya hapo kazi tatu huenda sambamba: kuagiza pampu wiki nane, kujenga mnara wa tenki wiki sita pamoja na siku za kumwagilia zege, na kuchimba mitaro na kulaza mabomba wiki tano. Kufunga pampu na kufanya majaribio kuchukue wiki mbili.

Jumla ya wiki hizo zote ni 25, lakini mradi utakamilika kwa wiki 14, kwa kuwa kinachohesabiwa ni mlolongo mrefu kuliko yote: utafiti, uchimbaji, upimaji, pampu na ufungaji. Mlolongo huo huitwa njia muhimu. Mnara unaweza kuchelewa wiki mbili na mabomba wiki tatu bila kuathiri tarehe ya mwisho. Pampu ikichelewa siku moja, maji nayo yanachelewa siku moja. Wala haiwezi kuagizwa mapema kwa kubahatisha, kwani ukubwa wake hutegemea matokeo ya upimaji.

Hapa ndipo macho hudanganya. Wananchi hufurahi kuona mitaro ikichimbwa kwa kasi, na kiongozi akizuru huonyeshwa mitaro hiyo hiyo, ilhali hati ya kununulia pampu ingali mezani ikisubiri sahihi. Kuongeza vibarua kwenye mitaro hakutaharakisha maji hata kwa siku moja.

Njia hii ya kukokotoa muda ilibuniwa nchini Marekani mwaka 1957 na Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand. Chati ya Gantt, yenye mistari ya mlalo inayobandikwa katika ofisi nyingi za miradi, ni kongwe zaidi. Huonyesha vizuri lini kazi inafanyika, ila katika umbo lake la awali haikuonyesha ipi inaizuia ipi.

Katika miradi mikubwa, utegemezi huo huamuliwa pia na maumbile. Mkataba wa ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, ulisainiwa Desemba 2018. Ukuta mkuu haukuweza kujengwa katikati ya Mto Rufiji kabla maji hayajachepushwa kupitia handaki, hatua iliyofikiwa Novemba 2020. Ujazaji wa bwawa nao hufuata misimu ya mvua. Ulianza tarehe 22 Desemba 2022. Tarehe ya awali ya kukamilika, Juni 2022, ilikuwa imekwisha kupita, na mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Katika kazi ya namna hii, kuchelewa kwa wiki chache kunaweza kumaanisha kukosa msimu mzima wa mvua.

Kwa sababu hiyo ratiba hupitiwa upya mara kwa mara. Ile iliyoidhinishwa mwanzoni huhifadhiwa bila kufutwa, ili kila mabadiliko yalinganishwe nayo na sababu zake ziandikwe. Mwananchi anayehudhuria mkutano wa kijiji ana haki ya kuuliza taarifa hiyo, na katika mfano wetu swali la kwanza lingekuwa: pampu imeagizwa lini?