Jina la Lumumba na Waliolirithi

Mtu mkubwa akiisha kufa, jina lake hurithiwa na nani? Huko Marekani walijibu kwa njia mbili. George Washington, rais wa kwanza (1789-1797), hakuzaa mtoto. Jina lake likarithiwa na mji mkuu, na baadaye na jimbo zima. John Adams, aliyemfuata, alikuwa na mwana, John Quincy, naye akawa rais mwaka 1825. Kwetu Kongo jina la Lumumba limepita njia hizo mbili, na ya tatu pia, ndiyo njia ya bunduki. Sisi wa Lusangi, pamoja na wenzetu wa Kasongo na Kabambare, hiyo ya tatu twaijua sana.

Yaandikwa kwamba mtoto aliyezaliwa Onalua, katika Sankuru, tarehe 2 Julai 1925, aliitwa kwanza Élias Okit'Asombo. Jina la Patrice Lumumba alilichukua baadaye. Kabla ya kuwa karani wa posta huko Stanleyville (leo Kisangani) alifanya kazi katika Maniema, na kwa sababu hiyo watu wa huku hawakumhesabu kuwa mgeni. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama chake, MNC, kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote. Akawa Waziri Mkuu mwezi Juni. Tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga, pamoja na Mpolo na Okito, naye hajatimiza miaka 36.

Basi jina likabaki bila mwenyewe, na jina lisilo na mwenyewe huchukuliwa na yeyote. Huko Kongolo, si mbali nasi, tarehe 1 Januari 1962, askari waliotoka upande wa Stanleyville waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mwaka 1964 wakaja Simba. Waliingia Kindu mwezi Julai, Stanleyville mwezi Agosti, na nchi yetu nayo haikupona. Walisema wanamlipia Lumumba kisasi. Mbele ya mnara wake, pale Stanleyville, waliwaua Wakongo wengi, makarani na watu wa serikali, ambao hawakuwa na hatia yoyote katika kifo chake.

Lazima tuseme haki: marehemu hakuwatuma. Alikuwa ameisha kufa kabla ya mambo ya Kongolo karibu mwaka mzima. Lakini ni haki pia kusema kwamba waliofanya hayo walilitamka jina lake, na wajane wa Maniema walilisikia.

Halafu likatokea jambo la kushangaza. Tarehe 30 Juni 1966 Mobutu alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Ni Mobutu yule yule ambaye askari wake walimkamata mwaka 1960! Aliona, bila shaka, kwamba ni afadhali jina hilo liwe mkononi mwake kuliko mkononi mwa adui zake. Hata ng'ambo ya ziwa lilipendwa: Dar es Salaam kuna Mtaa wa Lumumba, na huko ndiko kwenye ofisi ya chama kinachotawala.

Na watoto wake je? Binti yake Juliana alikuwa waziri wakati wa Laurent Kabila. Guy-Patrice, aliyezaliwa baada ya kifo cha baba, aligombea urais mwaka 2006 akapata kura chache sana. Mwaka ule ule Antoine Gizenga, mzee wa chama cha PALU chenye kujiita cha Kilumumba, akafanywa Waziri Mkuu. Basi siasa ya jina hilo ilimpa cheo rafiki wa baba, wala si mwana. Tarehe 20 Juni 2022 Wabelgiji waliwarudishia wana jino moja la baba yao, nalo likazikwa Kinshasa siku kumi baadaye.

Kuna jina lingine katika habari hii. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka na Fizi, jirani zetu, waasi waliwaua Waksaveri watatu, Luigi Carrara, Giovanni Didoné na Vittorio Faccin, pamoja na Padri Albert Joubert. Huyu Joubert alikuwa mwana wa Kapteni Joubert, yule aliyeshika silaha kando ya Tanganyika ili watu wa Mpala na Mrumbi wasikamatwe na wauza watumwa. Mama yake, Agnes, alikuwa Mwafrika. Wote wanne walitangazwa Wenyeheri huko Uvira, tarehe 18 Agosti 2024.