Krosikaa: gari dogo la mbio lililobeba matumaini ya kupunguza gharama

Tarehe 13 Desemba 2024, siku ambayo Kigali ilipokea hafla ya kutoa tuzo ya Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), bingwa wa dunia wa Formula One, Max Verstappen, alikutana na vijana wa Kinyarwanda pembeni ya gari dogo la mbio. Gari hilo liliundwa hapa hapa nchini kutokana na michoro ambayo FIA huitoa bila malipo, chini ya mpango unaoendeshwa na Klabu ya Magari ya Rwanda (RAC). Jina lake ni krosikaa, na ndilo ngazi ya kwanza kwa anayetaka kufika kwenye mchezo wa ralikrosi.

Kwa msikilizaji wa Rugerero, tarafa ya Wilaya ya Rubavu iliyo takribani kilomita 150 kutoka Kigali, habari hiyo huenda ilionekana kuwa ya watu wa mbali. Hata hivyo, ndani yake mna suala linalomgusa kila kijana apendaye magari: je, mchezo huu utabaki kuwa wa matajiri, au kuna njia ambayo fundi wa karakana na mtoto wa mkulima wanaweza kuipita? Jibu linategemea mambo matatu ambayo kwa sasa yanajadiliwa duniani kote katika mbio za magari, nayo ni gharama, kanuni za vifaa vya kielektroniki na nidhamu ya udereva.

Ralikrosi ni nini

Ralikrosi ilianza tarehe 4 Februari 1967 katika uwanja wa Lydden Hill, kusini-mashariki mwa Uingereza. Tofauti na mashindano kama Safari Rally ya Kenya au Mountain Gorilla Rally ya Rwanda, ambamo kila gari hukimbia peke yake dhidi ya saa, katika ralikrosi magari kadhaa huanza kwa pamoja na kushindana ana kwa ana. Uwanja wake ni mfupi, na sehemu yake ni lami huku nyingine ikiwa ni changarawe au udongo. Mbio moja ni ya mizunguko michache, na humalizika kwa dakika chache tu. Bara la Afrika liliingia kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia wa mchezo huo mwaka 2017, pale uwanja wa Killarney wa Cape Town ulipoandaa mashindano kwa mara ya kwanza.

Krosikaa ni mdogo wake. Ni fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, yenye kiti kimoja, injini ya pikipiki, na nguvu inayopelekwa kwenye magurudumu ya nyuma pekee. Yapo madaraja ya watoto na vijana pamoja na ya watu wazima. Huko Rugerero, ambako pikipiki za abiria hupanda na kushuka vilima tangu alfajiri, injini ya pikipiki si kitu cha ajabu. Injini ya krosikaa ni kubwa kuliko hizo, lakini msingi wa kazi ni uleule: pistoni, kabureta au mfumo wa kuingiza mafuta, klachi na mnyororo. Fundi anayeielewa moja hahitaji kuanza upya ili aielewe nyingine.

Gharama zilizopanda hadi juu

Ili kuelewa kwa nini FIA inagawa michoro bure, ni lazima kutazama yaliyotokea kwenye kilele cha mchezo. Magari makubwa ya ralikrosi ya mafuta yana nguvu ya farasi wapatao 600. Mwaka 2022 daraja la juu la ubingwa wa dunia lilihamia kwenye umeme, likitumia magari ya kilowati 500, sawa na nguvu za farasi takribani 680. Lengo lilikuwa kuendana na wakati na kuvutia kampuni zinazounda magari. Ili kuzuia kila timu isitumie fedha kubuni betri na mota zake, timu zote zililazimika kununua mfumo mmoja kutoka kwa kampuni ya Kreisel ya Austria.

Mpango huo ulipata pigo Julai 2023. Moto uliozuka asubuhi katika uwanja uleule wa Lydden Hill uliteketeza magari mawili ya umeme ya timu ya Special ONE Racing pamoja na vifaa vyake, na mashindano ya ubingwa wa dunia ya wikendi hiyo yakafutwa. Kwa raundi zilizosalia mwaka huo, madereva walitumia magari mengine ya umeme yenye nguvu ndogo. Mwaka 2024 kanuni zikabadilishwa tena, ili magari ya umeme na yale ya mafuta endelevu yashindane pamoja. Kila badiliko la namna hiyo lina bei yake: gari lililonunuliwa kwa ajili ya kanuni za jana huenda lisiwe na kazi kesho.

Mbio za rali za ubingwa wa dunia, ambazo Wakenya huzishuhudia Naivasha, zimepita njia inayofanana. Mwaka 2022 magari ya daraja la juu yalifungwa mota ya umeme ya kusaidia injini. Kuanzia msimu wa 2025 mota hiyo iliondolewa, gharama na ugumu wake zikiwa miongoni mwa sababu. Desemba 2024 FIA ilitangaza kanuni za mwaka 2027, ambazo zinaweka kikomo cha bei ya gari kuwa euro 345,000. Hiyo ndiyo bei iliyopunguzwa. Kwa mtazamo huo ni rahisi kuona kwa nini mtu wa kawaida anahitaji ngazi iliyo chini kabisa.

Kwa nini elektroniki inawekewa mipaka

Gari la kisasa la barabarani lina kompyuta inayozuia magurudumu yasizunguke bure kwenye utelezi, inayorekebisha breki na inayomsaidia dereva gari linapopoteza mwelekeo. Barabarani, vifaa hivyo vinaokoa maisha. Kwenye mbio, mingi ya misaada hiyo imepigwa marufuku, na katika magari makubwa ya ralikrosi mfumo unaozuia magurudumu kuteleza wakati wa kuondoka hauruhusiwi.

Sababu ya kwanza ni ustadi. Watazamaji wanataka kuona mguu wa dereva ukipima nguvu kwenye tope, na si programu ikifanya kazi hiyo kwa niaba yake. Sababu ya pili, iliyo nzito zaidi, ni fedha. Kifaa cha kuongeza nguvu kinaonekana, kinapimwa na kinaweza kuzuiwa. Programu ya kompyuta haionekani, na timu yenye wahandisi wengi inaweza kuiboresha usiku na mchana bila kikomo. Pale ambapo elektroniki imeachwa huru, mwenye mfuko mkubwa hununua muda kwenye saa, na mwenye mfuko mdogo hana la kufanya. Ndiyo maana waandaaji wa madaraja ya chini hupendelea kompyuta ya aina moja kwa wote au gari rahisi lisilohitaji misaada hiyo.

Kwa krosikaa faida ni ya wazi. Gari likiharibika, dereva na fundi wake wanaweza kuona kilichovunjika na kukitengeneza kwa spana na mashine ya kuchomelea. Hawalazimiki kusubiri mtaalamu mwenye kompyuta kutoka ng'ambo.

Nidhamu ya usukani, na ya ulimi

Magari yanayoanza kwa pamoja kwenye uwanja mfupi yatagusana. Kwa hiyo ralikrosi ina waamuzi wanaotazama picha za video ili kutofautisha mguso wa bahati mbaya na ule wa kumsukuma mwenzako ili upite. Dereva anayepatikana na kosa anaweza kuongezewa muda, kushushwa nafasi au kuondolewa kabisa. Pia kuna mzunguko wa jokeri, yaani njia ndefu zaidi ambayo kila dereva lazima aipite mara moja katika kila mbio. Njia hiyo humpa aliyekwama nyuma nafasi ya kupanga mbinu badala ya kutumia nguvu. Anayeondoka kabla ya taa kuruhusu amekuwa akiadhibiwa kwa kulazimishwa kuipita mara mbili.

Kuna uhusiano wa moja kwa moja kati ya kanuni hizo na gharama. Kila bampa lililopasuka na kila mkono wa usukani uliopinda ni fedha. Tajiri hubadilisha kipuri na kurudi uwanjani, ilhali asiye nacho hufunga msimu. Mwamuzi anayekemea udereva mbaya, kwa hiyo, hulinda pia mfuko wa mnyonge.

Nidhamu hiyo imefika hadi kwenye maneno. Verstappen hakuja kwa vijana wa Kigali kwa hiari tu. Septemba 2024, katika mkutano na waandishi wa habari nchini Singapore, alitumia neno chafu alipolieleza gari lake, na waamuzi wakamwamuru afanye kazi ya manufaa kwa jamii. Kazi hiyo aliitekeleza Rwanda. Februari 2025 dereva wa rali kutoka Ufaransa, Adrien Fourmaux, alitozwa faini ya euro 10,000 kwa kosa la aina hiyo katika mashindano ya Sweden. Madereva wa rali walilalamika kwa pamoja kwamba adhabu zimepita kiasi. Mei 2025 FIA ilipunguza kiwango cha msingi cha faini kutoka euro 10,000 hadi 5,000, na ikatofautisha maneno yanayosemwa kwenye mkutano rasmi na yale yanayomtoka dereva akiwa katikati ya mashindano.

Michoro bure, gari si bure

Wanaoufuatilia mpango huu wanapaswa kuelewa mipaka yake. Mchoro hauna bei, lakini chuma kina bei. Aina ya bomba, unene wake na namna ya kuliunganisha vimeandikwa kwenye kanuni, na fundi hawezi kutumia bomba lolote alilolipata sokoni, kwa kuwa fremu hiyo ndiyo inayomkinga dereva gari likipinduka. Helmeti, mavazi yasiyoshika moto haraka, mikanda na kiti maalumu navyo ni lazima. Kuna pia matairi, mafuta, na gharama ya kulisafirisha gari, kwa sababu krosikaa haliruhusiwi kutembea barabarani.

Kwa sababu hiyo, gari la klabu au la chuo cha ufundi, linaloendeshwa na vijana wengi kwa zamu, lina uwezekano mkubwa zaidi kuliko gari la mtu mmoja. Aidha, usukani si mlango pekee. Mashindano yanahitaji mafundi, wakaguzi wa magari, wahudumu wa bendera, watu wa huduma ya kwanza na waelekezi. Queen Kalimpinya, anayejulikana leo kama dereva wa rali wa Rwanda, alianza akiwa mwelekezi wa dereva mwingine kabla ya kushika usukani mwenyewe.

Anayetaka kuanza anapaswa kupitia RAC, ambayo ndiyo mwanachama wa FIA nchini na ndiyo yenye mamlaka ya kusimamia mchezo huu. Kujifunzia barabarani si njia mbadala. Kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyozinduliwa na Polisi ya Taifa mwaka 2019, imekuwa ikikumbusha kwamba barabara ni ya watu wote, na mteremko wa kuingia Gisenyi unatumiwa na malori, baiskeli na watoto wa shule kwa wakati mmoja.

Katika mkutano mkuu wa FIA uliofanyika Kigali Desemba 2024, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula One. Ombi hilo ni la uwanja mkubwa na fedha nyingi. Krosikaa linahitaji kiwanja cha udongo, fundi mwangalifu na waamuzi wasiopendelea. Vijana wa Rugerero watapima mpango huu kwa jambo moja: ni lini gari la pili, la tatu na la nne litachomelewa nje ya Kigali.