Gede: Mji Uliolindwa na Msitu

Kiswahili kilifika mwambao wa Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, kikiandamana na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Mkazi wa Kajaga, jirani wa delta ya Rusizi, akitaka kuiona miji ya kale iliyokilea, hana budi kushuka hadi pwani ya Kenya, kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi. Hapo Gede njia ni tambarare. Inaingia msituni, inazunguka misikiti, makaburi na jumba la kifalme, kisha inamrudisha mgeni langoni bila kumchosha.

Mji huu ulianza wakati biashara ya Bahari ya Hindi ilipokuwa ikiipanua miji ya Waswahili. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Nalo ndilo nguzo ya kupimia umri wa majengo mengine.

Karne ya 15 ndiyo iliyokuwa enzi ya fahari. Kuta zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, nyumba za wenye mali zikawa na vyoo ndani, na ukuta wa nje ukazunguka eneo la hekta 18 hivi. Kauri za China na shanga za Venice zilifika hapa kwa njia ya biashara. Hata hivyo, juu ya tao la mlango mmoja wa msikiti mkuu pamechongwa mkuki mpana. Waandishi wa enzi ya ukoloni waliwapa wageni wa ng'ambo sifa ya mji huu. Mimi naona mkuki huo, ambao ni alama ya Kiafrika, unawarudishia Waswahili haki yao.

Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa, wakamhamishia huko mtawala wa Malindi, na uzito wa biashara ukaondoka pamoja naye. Waoromo nao walikuwa wakisogea kutoka kaskazini, na visima vikipungua maji. Mwanzoni mwa karne ya 17 Gede ilibaki mahame.

Ndipo msitu ulipoingia. Mibuyu na mikuyu iliota sebuleni, na majirani wakaogopa mizimu ya mahali hapo wasithubutu kuchukua mawe. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alifika mwaka 1884. Serikali ya kikoloni ikaweka ulinzi mwaka 1927. Mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuchimba mwaka 1948, akafyeka vichaka vilivyofunika kuta.

Julai 2024 UNESCO iliiandika Gede kuwa Urithi wa Dunia. Watunzaji wa leo wamerithi kazi ngumu: mizizi ya miti iliyouficha mji huu kwa karne tatu inapasua kuta zake, na kila mti mkubwa unahitaji uamuzi wake.