A si ya kwanza, D si ya mwisho: historia ya klasi za ampli, kwa sisi wenye kuishi kwa batri

Leo sitaongea mambo ya mihogo wala ya mbolea. Nitawaelezea kosa moja langu, kisha historia yenye ilinisaidia kulielewa.

Nilipomaliza lisansi, mshahara wangu wa kwanza wa kweli nilinunua vitu vitatu: pano moja ya jua, batri ya 50 Ah na inverta ndogo. Nyumbani kwetu kuran inakuja inapotaka. Batri ile ilikuwa ya taa, ya simu, na zaidi ya yote ilikuwa ya mdogo wangu mwenye alikuwa anajitayarisha kwa Exetat. Miezi miwili kisha, mtu mmoja alikuwa anahama mji na kuuza vitu vyake. Akanionyesha ampli moja ya kilo karibu 20, nyeusi, yenye mabawa ya chuma pembeni. Akaniambia: "Hii ni klasi A, mukubwa. Hakuna yenye iko juu yake." Mimi mtu wa kutafuta distinksyo kwa miaka mitano, niliposikia A nikatoa pesa.

Sauti ilikuwa tamu, sidanganyi. Lakini saa mbili ya usiku nyumba ilikuwa giza. Ile mashini ilikuwa moto hata kama hakuna wimbo unaopigwa. Kila usiku batri ilikauka mpaka chini, na batri ya asidi haipendi vile. Mbele ya mwaka kuisha, ikafa. Mdogo wangu alimalizia masomo yake kwa mshumaa. Alipita, Mungu asifiwe, lakini si kwa msaada wangu.

Hapo njo nilianza kujiuliza: hizi herufi zilitoka wapi? Nilichopata ni hiki: herufi ya klasi haipimi ubora kama pointi za mtihani. Inaeleza tu ginsi mashini inavyofanya kazi, na kila herufi ilikuwa jibu kwa shida ya watu wa wakati fulani. Ukinunua jibu la shida ya mwingine, utalipa wewe.

1. Valvu, na mashini yenye hailali

Mwaka 1906 Lee de Forest, Mmarekani, alitengeneza valvu yenye vipande vitatu ndani, akaiita Audion. Ni ile chupa ya kioo yenye ilikuwa inawaka ndani ya redio za wazee wetu. Kazi yake: ishara ndogo inaongoza kuran kubwa, kama vile mkono wa mtoto unavyoweza kufungua na kufunga robine ya maji mengi.

Wahandisi wakapanga namna za kuitumikisha valvu, wakazipa herufi kwa kufuatana. Katika klasi A, robine inabaki wazi nusu wakati wote. Sauti ikipanda inafunguka zaidi, ikishuka inafungwa kidogo, lakini haifungwi kabisa hata mara moja. Njo sababu sauti inatoka laini, haikatiki. Na njo sababu ampli inakula hata wakati wa kimya.

Wenye tulisoma ufugaji tunajua hii hesabu. Mnyama iko na chakula cha kujitunza tu, abaki hai, na chakula cha kuzalisha nyama ao maziwa. Klasi A ni mnyama mwenye chakula cha kujitunza ni kikubwa kupita kiasi. Kwa hesabu ya vitabu, haiwezi kugeuza zaidi ya asilimia 50 ya kuran kuwa sauti, na katika muundo rahisi kabisa ni asilimia 25. Yote inayobaki ni joto.

2. Klasi B: wapasua mbao wawili

Ili kupunguza hasara ile, wakaweka valvu mbili. Moja inabeba nusu ya juu ya wimbi la sauti, nyingine nusu ya chini, na yenye haina zamu inapumzika. Hiyo ni klasi B, na ukomo wake katika hesabu ni asilimia 78,5.

Wale wenye walishaona watu wanapasua mbao porini wataelewa haraka. Mmoja iko juu ya gogo, mwingine chini, msumeno mmoja. Huyu anavuta, yule anaachilia. Kazi inaenda muzuri, ila kuko kile kipindi kifupi cha kubadilishana: mmoja akichelewa kidogo, msumeno unakwama na ubao unapata alama. Klasi B iko na alama ile ile pale sauti inapopita katikati. Na ubaya wake unasikika zaidi ukipiga muziki polepole, juu wimbi lenyewe ni dogo na alama inabaki ileile.

Dawa ikawa klasi AB: wapasuaji wote wawili wanashika msumeno kidogo hata wakati wa zamu ya mwenzake. Kuran ya kujitunza inabaki ndogo, na alama inakuwa ndogo sana. Klasi C nayo iko, lakini ni ya mitambo ya kurusha redio. Muziki ukipita mule unatoka umevunjika.

3. Wazo lililoandikwa ndani ya kivuko

Tarehe 2 Agosti 1927, Harold Black, mhandisi wa Bell Labs, alikuwa ndani ya kivuko akienda kazini New York. Alikuwa ametafuta miaka mingi namna ya kuondoa uchafu katika ampli za simu za mbali. Wazo likamjia pale pale, akalichora juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times: chukua sehemu ndogo ya sauti inayotoka, irudishe mwanzoni kinyume, ampli ijilinganishe yenyewe na ijisahihishe. Watu hawakuamini haraka. Hati ya uvumbuzi aliipata tu mwaka 1937.

Bila wazo lile hakuna ampli ya leo. Mwaka 1947 Mwingereza D.T.N. Williamson alichapisha katika gazeti la Wireless World mchoro wa ampli ya valvu ya wati 15, yenye uchafu wa chini ya asilimia 0,1. Watu wengi walijitengenezea nyumbani. Mwaka mmoja kisha, kwetu, Wendo Kolosoy alirekodi "Marie-Louise" kwa studio ya Ngoma, Léopoldville. Zilikuwa bado siku za valvu, huku na kule.

4. Transista, na jina baya lenye haikustahili kabisa

Desemba 1947, katika Bell Labs ile ile, Bardeen na Brattain walifanya transista ya kwanza itumike. Pamoja na Shockley walipata tuzo ya Nobel mwaka 1956. Ndogo, haitaki kupashwa moto kama valvu, haivunjiki kama kioo. Mwaka huohuo wa 1956 H.C. Lin alionyesha muundo wa ampli ya transista bila ile transfoma kubwa ya kutokea. Ampli nyingi za AB zilizokuja kisha zina damu ya muundo ule.

Lakini nyingi za kwanza, miaka ya 1960, zilikuwa na ile alama ya msumeno. Wasikilizaji wakasema: transista inakwaruza masikio. Mwaka 1969 John Linsley Hood akajibu, tena katika Wireless World: ampli ya transista ya klasi A, wati 10 tu, rahisi kutengeneza. Muundo wake ulivuta karibu volti 27 na ampea 1,2 kila upande. Piga hesabu: wati 32 zinaingia daima, ili zitoke 10 siku ya sherehe.

Kwa Uingereza, na kuran ya umeme ukutani usiku na mchana, ile haikuwa wazimu. Joto lenyewe katika baridi ya kule si hasara tupu. Ilikuwa jibu la kweli kwa shida yao: transista za wakati ule na alama ile. Lakini shida ile iliendelea kupungua. Mwaka 1975 Quad ikatoa ampli 405: ndani kuko ampli ndogo safi yenye inasahihisha kazi ya transista kubwa zenye zinabeba mzigo. Kutoka hapo, AB iliyotengenezwa muzuri ilikuwa safi vya kutosha kwa sikio la mtu.

5. Klasi D: ilikuja mbele ya wakati wake

Watu wengi wanasema D ni "dijitali". Hapana. D ni herufi yenye inafuata C, basi.

Wazo lake ni tofauti: usishike robine nusu. Ifungue yote ao uifunge yote, mara mia elfu kadhaa kwa sekunde moja. Sauti ikipanda, inabaki wazi kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofungwa, ikishuka, kinyume. Koili na kondensa mwishoni zinasawazisha ile mikupuo, sauti inabaki. Robine iliyo wazi kabisa haipotezi kitu kikubwa, na iliyofungwa vilevile. Kwa hiyo mashini za leo zinapita asilimia 85 kwa urahisi zikifanya kazi kwa nguvu.

Mwaka 1964 Clive Sinclair aliuza Uingereza kiti ya X-10, ya namna hii, kwa wati 10. Ilishindwa. Transista za wakati ule zilikuwa nzito kugeuka, wati zilizoahidiwa hazikufika, na ilichafua redio za jirani. Wazo lilikuwa sawa. Kifaa kilikuwa hakijazaliwa. Kilikuja kisha: transista za aina ya MOSFET zenye zinageuka haraka. Kampuni Tripath, iliyoanza 1995, ilitia yote ndani ya kipande kidogo cha bei ndogo. Ilifilisika mwaka 2007, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Leo bafle yako ndogo ya Bluetooth na televizyo ya jirani, karibu zote ni D.

6. Sasa turudi kwenye batri

Nilifanya hesabu yenye nilipaswa kufanya mbele ya kutoa pesa. Batri ya 50 Ah kwa volti 12 ni wati-saa 600. Ya asidi, ukitaka iishi, tumia nusu: 300. Stereo ya klasi A ya namna ya Linsley Hood inakula wati 65. Na hasara ya inverta sema 75. Saa nne, imeisha. Na yangu ilikuwa kubwa kuliko ile. AB ya kawaida, kwa sauti ya nyumbani, sema wati 25: saa kumi na mbili. D ndogo yenye inaingia moja kwa moja kwa volti 12, bila inverta, sema wati 8: saa zaidi ya thelathini na tano. Hesabu hizi ni za kukadiria, lakini umbali kati yao si wa kukadiria.

Utasema: D ya volti 12 iko na nguvu gani? Kwa bafle ya ohm 8 ni karibu wati 9 kila upande. Inaonekana kidogo. Lakini ndani ya chumba cha kulala cha mwanafunzi, wati moja na bafle yenye inaitika muzuri inatosha kumwamsha mwenye nyumba. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu. Kwa hiyo pesa yenye ungeweka kwa wati, iweke kwa bafle.

Na ukifika soko, fanya hivi. Ukiona "1000 W P.M.P.O." mbele, cheka kimya, kisha geuza mashini usome nyuma. Kama imeandikwa inavuta wati 60 ukutani, haiwezi kukupa 1000 za kudumu. Kuran haizaliani ndani ya sanduku. Uliza wati RMS kwa ohm ngapi. Iwashe bila muziki, ngoja dakika kumi, weka mkono juu. Kama iko moto, ujue batri yako imeanza kulipa.

Kama uko mahali penye kuran haikatiki na unapenda klasi A, nunua, furahi. Ni kitu kizuri. AB ya mitumba yenye haijaguswa-guswa ndani, hata ya miaka ya 1980, ni mali pia. Na D ya ovyo, yenye alimentasyo mbaya, itakukwaruza masikio kuliko AB ya zamani. Herufi peke yake haisemi kitu.

Ampli yangu nyeusi bado iko, chini ya meza. Ninaiwasha sikukuu, kuran ikikubali. Siku zingine inapiga ile ndogo ya D, kubwa kama pakiti ya biskuti, na taa mbili zinabaki zinawaka mpaka asubuhi. Mdogo wangu sasa iko chuo kikuu, mwaka wa pili. Anasoma chini ya moja.